Askari Aliyezikwa kwa Jina la Mutugi

Siku watu wa Keya, jeshi la Mwingereza, walipokuja sokoni Ishiara kuchagua vijana wa jeshi, Njoka wa Ndambiri hakuwepo. Alikuwa maili tano kutoka hapo, kwenye barabara ya Embu, akiponda kokoto kwa kibarua cha serikali, vumbi jeupe limemfunika hadi hungejua kama ni kijana au ni mzee. Kama ni Mungu alitaka kumwepusha, basi alikuwa ameshamwepusha. Lakini watu wana akili nyingi, na akili hizo ndizo zilizomtoa Njoka kwenye kokoto zikampeleka msituni.

Aliyekuwepo sokoni ni binamu yake, Mutugi wa Njeru, aliyekuwa ametumwa chumvi. Mutugi aliona vijana wamesimama mstari, naye akaingia mstarini, bila hata kuuliza unakwenda wapi. Mzungu akampima kifua kwa utepe, akamfungua mdomo akamtazama meno kama anayenunua punda, kisha akamwandika namba kifuani kwa chaki. Karani akaandika jina lake kitabuni na kumwambia lori litakuja baada ya siku nne. Mutugi akarudi nyumbani na chumvi yake na namba yake, anacheka. Mama yake, Marcella, alipoiona ile namba alipiga yowe, akachota maji akamsugua kifua hadi ngozi ikachubuka. Chaki ilitoka. Kitabu cha karani hakikusuguliwa na mtu.

Ili umwelewe Marcella, jua kwamba alikuwa mjane. Mume wake, Njeru, alianguka kutoka mtini akitundika mzinga wa nyuki, akamwachia mtoto mmoja tu wa kiume, huyo Mutugi. Ndugu yake Njeru aliitwa Ndambiri, na mke wa Ndambiri ndiye Igoki, mama yake Njoka. Nyumba za wanawake hao wawili zilitenganishwa na zizi la mbuzi na kelele zake. Walikopeshana moto, walikopeshana ungo, na walikuwa na tabia ya kugombana asubuhi na kusahau kabla ya jua kuwa kali.

Kule Mbeere mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, kwa hiyo ndugu wawili wakioa, nyumba mbili zinapata jina moja. Igoki naye aliwahi kuwa na Mutugi wake. Alikufa kwa surua kabla ya kumaliza kuota meno. Njoka alikuja wa pili, mwaka wa nzige, akapewa jina la baba yake Igoki, na baada yake akaja Njura. Igoki hakusema hadharani, lakini alikuwa akimpenda Njoka kupita kiasi, labda kwa sababu alimpata akiwa bado na maziwa ya yule aliyekufa.

Na kweli Njoka alikuwa mtu wa kupendwa. Alikuwa mzito wa kusema na mwepesi wa kula. Mtoto wa mfuga nyuki, lakini nyuki hawakumtaka hata kidogo. Kila msimu wa kurina asali alirudi uso umevimba, jicho moja limefunga, na Igoki akamwuliza kama amekwenda kurina au kurinwa. Bibi yake alipovimba miguu, Njoka ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati ya misheni, siku nzima, njiani akimsikiliza akilalamika kwamba anatembea vibaya. Shuleni alikaa miaka miwili tu, karo ikashinda. Alitoka na kitu kimoja mkononi: alijua kuandika jina lake.

Basi walikutana nyumbani kwa Ndambiri, watu watano. Kama Mutugi angetoroka, chifu angemfuata, na kama angekwenda, nyumba ya Njeru ingebaki bila mwanamume. Ndambiri, ambaye ndiye aliyebaki kuwa baba wa nyumba zote mbili, alikaa akiangalia chini. Njoka ndiye aliyesema.

"Nitaenda mimi. Yule karani anajua sura ya nani? Anajua jina tu. Akiita Mutugi, nitaitika."

"Wewe umechoka na mawe, hiyo ndiyo shida yako," Igoki alimjibu.

"Nimechoka, mama. Na huko wanatoa viatu."

Marcella alishuka kutoka kwenye kigoda chake akamshika Igoki miguu. Mwanamke aliyezoea kugombana naye juu ya kuku leo amemshika miguu. "Mama Njoka," akasema, "wewe una wawili. Mimi nikimpoteza huyu, moto wa Njeru umezimika." Ndambiri hakuinua uso, lakini wote walijua hataki nyumba ya ndugu yake izimike. Igoki alimtazama mwanawe, akaona kwamba ameshaondoka moyoni, akasema sawa. Neno hilo moja ndilo aliloishi nalo miaka yake yote iliyobaki, na hakuwahi kumlaumu mtu mwingine kwa sababu yake.

Kwa siku mbili Njoka alifanya mazoezi ya kuandika Mutugi mchangani kwa kijiti. Binamu yake alichukua kipande chake cha utambulisho, akawa Njoka, akaondoka kabla ya mapambazuko kwenda Meru mjini, ambako hakuna aliyemjua. Huko alipata kazi kwa Keinan, Msomali mwenye malori mawili, ya kupakia na kupakua mizigo kuanzia Kangeta hadi Embu. Majirani waliambiwa Mutugi ameingia jeshini na Njoka amekwenda kutafuta kazi. Hakuna aliyeona ajabu. Vijana walikuwa wakiondoka kila siku.

Mwaka mmoja na miezi kidogo baadaye, hali ya hatari ikatangazwa kwa sababu ya wapiganaji wa uhuru waliojificha msituni. Vita ambavyo Njoka alidhani vitakuwa ng'ambo vilikuja kumkuta mlimani, ule ule mlima aliouona kila asubuhi utotoni akienda kuchunga. Watu wa Embu na Meru wakawa wa kutembea na karatasi. Ukitaka kuvuka mto Thuchi kwenda upande wa Meru, karatasi. Ukitaka kurudi, karatasi nyingine. Mtu mwenye jina lisilo lake sasa hakuwa tena mjanja. Alikuwa mtu wa kufungwa, au wa kupelekwa kambini kuhojiwa, na waliohojiwa wengine hawakurudi na meno yao. Uongo ule mdogo wa Ishiara, wa kumwokoa mtoto wa mjane, ukawa hatari bila wao kuuongeza hata neno moja.

Kwa sababu hiyo Njoka hakuweza kuja nyumbani likizo. Igoki alimwona mara moja tu, Embu mjini, nyuma ya duka la Mhindi, mwaka wa hamsini na tatu. Alimpelekea ugali wa mtama na kunde. Njoka alikula akiwa amesimama, kofia kwapani, na viatu vyake vilikuwa vikubwa kweli. Igoki alitaka kumcheka, akashindwa, kwa sababu uso wa mwanawe ulikuwa umekonda na macho yake hayakutulia.

"Juzi tulikuta mahali walipolala watu wa msituni," Njoka alimwambia akitafuna. "Majivu yalikuwa bado na joto. Walikuwa wameacha kijiko cha kuchonga, mama, kama vile anavyochonga baba. Nilikitupa mtoni kabla afande hajakiona."

"Usiniambie mambo hayo."

"Basi nimwambie nani? Huko wananiita Mutugi, nageuka bila hata kufikiri. Miaka yangu sita ya jeshi ikiisha nitakuja nimrudishie mwenyewe jina lake."

"Rudi tu," Igoki alisema. "La kwako nimelifunika kibuyuni, panya hawalifikii."

Njoka alicheka, na hilo likamfurahisha mama yake njia nzima ya kurudi. Hakumwona tena.

Barua ililetwa mwezi wa Mei mwaka uliofuata. Aliyeileta ni Kathuri, naibu chifu mpya, mtu wa kutoka tarafa za juu, aliyewekwa pale kwa sababu hakuwa na ndugu wala rafiki mahali hapo. Igoki alikuwa uani kwa Marcella, wanapepeta kunde pamoja. Kathuri alivua kofia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akasoma: askari Mutugi wa Njeru ameuawa vitani msituni, upande wa juu wa Kanyakine. Amezikwa kwa heshima katika makaburi ya askari. Serikali inampa pole mama yake.

Ungo ulimtoka Igoki mikononi. Kunde zote chini.

Kathuri akamtazama. "Mama wa marehemu ni yupi kati yenu?"

Igoki aliangalia kunde zilizomwagika. Kisha Marcella akatoa kilio, na nani ajuaye kilikuwa kilio cha nini. Kulikuwa na woga ndani yake, na aibu, na pengine, Mungu amsamehe, hata shukrani. Igoki alipiga magoti akaanza kuokota kunde, moja moja, uso umeelekea chini. Aliokota hadi Kathuri alipomaliza kutoa pole zake na kuondoka. Mwanawe amekufa, na pole imepewa nyumba ya pili. Alipoinuka alimkuta Marcella amekuja kumkumbatia, akamsukuma.

Ndambiri akaambiwa. Alichukua shoka akaenda kukata gogo la mzinga, akalichonga siku tatu mfululizo, akalichonga hadi likawa jembamba likapasuka katikati. Kisha akakata lingine.

Sasa lilikuja jambo ambalo mtu wa mahali pengine hangelielewa. Kwao mtoto akifa, mama yake hunyolewa kichwa, na nyumba yake hukaa siku bila moto, na watu huja kulia hapo. Igoki hangeweza kunyolewa. Angeulizwa na homgadi wa kwanza njiani, mgambo wa serikali: nani amekufa kwako? Kwenye karatasi za serikali mwanawe Njoka alikuwa mzima, anabeba magunia Meru. Na Marcella, ambaye alipaswa kunyolewa, alikataa kata kata. Kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo, hilo alilijua tangu utotoni na ubatizo wa misheni haukuliondoa. Siku tano zikapita, mama wa askari aliyeuawa ana nywele zake kichwani na anapika uji. Kathuri akaanza kupita pale mara mbili kwa siku.

"Huyu mama halii," alimwambia Ndambiri siku ya sita, mbele ya Igoki. "Kule kwetu kulikuwa na mama kama huyu. Tulikuja kugundua mwanawe alitoroka jeshini akaingia msituni na bunduki. Alhamisi Bwana D.O., ofisa wa wilaya, anakuja kutoa medali. Nataka nione kilio cha kweli."

Igoki alikwenda moja kwa moja kwa Marcella, na wembe mkononi.

"Kaa chini."

"Mama Njoka, nakuomba. Unamwitia mwanangu kifo."

"Mwanao anakula huko Meru. Wangu ameshaoza. Kaa chini, nimekwambia."

Marcella akakaa. Igoki alimlowesha kichwa kwa maji na kuanza kunyoa, kutoka paji la uso kwenda nyuma, na mikono yake haikuwa ya upole. Marcella alikuwa akisali kwa sauti ndogo, Salamu Maria juu ya Salamu Maria. Igoki alitamani kile kichwa kiwe chake, hilo nalisema waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kulisema. Mwanawe alistahili kichwa kimoja kinyolewe kwa ajili yake, na kama hakikuweza kuwa cha mama yake, basi kingekuwa cha yule aliyemwomba aende. Alipofika kisogoni wembe uliteleza, akamkata Marcella kidogo nyuma ya sikio. Marcella hakusogea. Alinyoosha mkono nyuma akaushika ule mkono wenye wembe, na wakakaa hivyo, damu kidogo ikishuka shingoni.

"Nitakulipa na nini, mama Njoka?"

"Usiniite hivyo leo," Igoki akasema. "Leo niite jina langu."

Alhamisi ilikuwa siku ya soko. D.O. alikuja na gari la jeshi, na pamoja naye koplo mmoja Mkamba, Nzioki, aliyekuwa kikosi kimoja na marehemu. Watu walikalishwa chini kwa mistari. Marcella aliwekwa mbele kwenye kiti, kichwa kinang'aa, uso umevimba. Alikuwa amelala akilia na hapo hakuwa akiigiza. Igoki alikaa mstari wa pili na kitambaa kichwani juu ya nywele zake. D.O. alisema maneno yake, Kathuri akayageuza. Medali ikawekwa mkononi mwa Marcella, na pamoja nayo mfuko mdogo wa vitu vya marehemu. Igoki aliuangalia ule mfuko. Alitaka kujua tu kama shati lake limo.

Halafu koplo akaruhusiwa kusema. Alikuwa mtu mnene, mwenye huzuni ya kweli, na Kiswahili cha jeshi.

"Mimi nataka kusalimia mama," akasema. "Hii kijana ilikuwa rafiki yangu sana. Ilikuwa inapenda chakula, inapenda kucheka. Lakini afande, kuna kitu sielewi. Yeye alikuwa ananiambia mama yake anaitwa Igoki. Kila siku, Igoki hivi, Igoki vile. Hapa karatasi inasema Marcella."

Kathuri aliinua kichwa polepole, akaanza kutazama mstari kwa mstari. Marcella alifunga macho. Njoka wa watu, aliyekumbuka kujibu jina la uongo miaka mitatu, alisahau kumdanganya rafiki yake kuhusu mama yake.

Igoki alisimama. Angeweza kusema. Neno lilikuwa hapo mdomoni, na baada yake angelia kwa haki yake, watu wangemshika mikono, wangekuja kwake. Na jioni hiyo hiyo wangemfuata Mutugi, wamfunge pamoja na Ndambiri na Marcella, na Njoka angekuwa amekufa bila kumwokoa hata yule aliyekwenda kwa ajili yake.

"Igoki ni mimi," akasema. "Kwetu mke wa baba mdogo au mkubwa huitwa mama pia. Mimi ni mama yake hivyo. Aliyemzaa ni Marcella, huyo hapo."

"Si mtoto yako?" koplo akauliza.

"Si wangu. Nilimlea tu kidogo."

Kathuri akashusha mabega. Watu wakaguna kwa kukubali, kwa sababu ni kweli, ndivyo wanavyoitana. Koplo akatikisa kichwa. "Basi, mama, hii kijana ilikupenda kushinda mwenye kuzaa. Huyu mwingine hakumtaja hata siku moja."

Igoki alikuwa na maswali mia. Alitaka kujua risasi iliingia wapi, nani alimshika kichwa, alisema nini, kaburi lake limeelekea wapi. Lakini mama mdogo ana haki ya kuuliza kidogo tu, na macho ya Kathuri yalikuwa bado juu yake. Akachagua moja.

"Siku hiyo alikuwa amekula?"

Koplo akamgeukia. "Alikula, mama. Mahindi na maharagwe, ya moto. Mimi ndiyo nilipakua. Akaongeza sahani ya pili. Halafu alienda kuteka maji, ndipo walimpiga. Hakukaa sana."

"Asante," Igoki akasema, akakaa chini.

Gari la D.O. lilipoondoka, Marcella alimvuta Igoki pembeni ya ukuta wa duka. Alitaka kumpa ule mfuko, na Igoki akaukataa. Homgadi walikuwa kila mahali. "Kuna kitu kingine," Marcella akanong'ona. "Mutugi amesikia huko Meru kwamba askari Mutugi amekufa. Ametuma neno na dereva. Anakuja leo na lori la Keinan. Anasema hawezi kumwacha Njoka alale kwa jina lisilo lake. Anataka kujipeleka kwa serikali. Mimi siwezi kutembea na kichwa hiki, kila mtu ananitazama. Nikienda kumlaki kijana daraja la Thuchi, Kathuri atanifuata."

Kufikia hapo mwanamke mwingine angelitema mate chini akaenda zake. Igoki alitaka hivyo. Alisimama akaliangalia lile jeraha dogo nyuma ya sikio la Marcella, akakaza kitambaa chake, akashika njia ya Thuchi kwa miguu, jua likiwa katikati ya kichwa.

Alipofika darajani lori lilikuwa limeshazuiwa. Homgadi wawili, vijana wa Kimeru asiowajua, walikuwa wamemteremsha Mutugi na kumkalisha kando ya barabara, mikono kichwani. Alikuwa amekua, amepata mabega. Keinan mwenyewe alikuwa upande wa dereva, akibishana.

"Nimekuambia, huyu ni tanboi yangu, anapakia mizigo ya lori, miaka mitatu. Anaitwa Njoka."

"Anaitwa Njoka, lakini ukimwita hivyo haitiki," homgadi mmoja akasema, na kitabu cha pasi mkononi. "Tunamwuliza wewe ni nani, analia tu. Mtu mzima. Hapa imeandikwa Njoka wa Ndambiri, Ishiara. Kama ni wa hapa, nani anamjua? Kama hakuna, anaenda kambi."

Mutugi aliinua macho akamwona Igoki. Akafungua mdomo. Igoki alijua anataka kusema nini, aliona ukweli wote umemjaa usoni, na aliona pia kwamba ukweli huo ungetoka wakati wowote. Alitembea haraka, akafika, akamshika bega, akaminya kwa nguvu zake zote.

"Nyamaza," akamwambia kwa Kimbeere. "Kifo chake si chako cha kutoa."

"Mama, wewe unamjua huyu?" homgadi akauliza.

Kiswahili cha Igoki kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia kunde. Alikitafuta. "Najua. Ni kijana yangu."

"Jina yake?"

Lilikuwa jina la baba yake Igoki mwenyewe. Alikuwa amelitamka kwa wito, kwa ukali, kwa utani, mara elfu nyingi, na tangu barua ile hakuwa amelitoa mdomoni hata mara moja.

"Njoka," akasema. "Njoka ya Ndambiri. Nimezaa mimi."

Homgadi aliwatazama wote wawili, kisha akagonga kitabu cha pasi kiganjani, akamrudishia Mutugi. "Simama, kijana. Kwa nini hukusema mama yako yuko karibu?" Mutugi hakuweza kusimama vizuri. Igoki alimwinua kwa mkono, akamfuta vumbi suruali, akampeleka hadi kwenye lori na kumwambia Keinan amgeuze, arudi naye Meru leo hii, asimlete tena upande huu. Keinan aliwaangalia, akawasha injini bila kuuliza.

Lori lilipokwisha kugeuka ndipo Igoki alipoanza kulia. Alilia amesimama katikati ya daraja, mikono juu ya kichwa, kwa sauti, kama akina mama wanavyolia, na homgadi wakamwacha kwanza, halafu yule mdogo akaona haya akamsogelea.

"Mama, sasa unalia nini na wamemwachilia?"

"Nimetoka matanga," Igoki akasema. "Ya mtoto ya shemeji."

"Ile askari ya Ishiara? Tumesikia. Pole sana." Kijana akamshika mkono akamsaidia kuvuka upande wa kwake. "Wewe shukuru Mungu, mama. Yako bado iko hai."

"Nashukuru," Igoki akasema, akaendelea na njia ya nyumbani.